Nauli ya Ndeanka

Saa mbili asubuhi, mlima umejifunika gubigubi.
Ndeanka anatuhesabu kwa kidole mbele ya duka la mbegu:
Wajerumani wawili, Refugio wa Meksiko,
na mimi, mzaliwa wa Majengo, niliyelipa bei ya mwenyeji
nikaona haya kuitwa mgeni.

Mkononi ana kikapu. Kimefunikwa kanga.
Hakuna aliyeuliza kina nini.

Gari linatuacha Mamba, tunapanda kwa miguu.
Mfereji unapita chini ya migomba
kama mtu anayerudi kwake.
Halafu tunasikia: ngo, ngo, kimya, ngo.
"Hapo penye kimya," anasema Ndeanka, "ndipo anapofikiri."

Ndesario hakunyanyua kichwa.
Springi ya lori ilikuwa nyekundu kwenye koleo:
jembe la kesho, au mkuki wa kupandishwa ndege,
chuma chenyewe kilikuwa hakijaambiwa.
Mjukuu alivukuta viriba viwili vya ngozi ya mbuzi,
kushoto, kulia,
macho yote kwenye simu ya Mjerumani.

Refugio akasema maneno marefu. Ndeanka akayafupisha:
kwao kila mji una mkono wake,
huu wa udongo, ule wa mbao, ule wa sufu,
na mtoto huzaliwa akidaiwa kazi.

Ndesario akajibu, na mimi nikasikia yote:
"Muulize kwao gunia la mkaa ni bei gani.
Mwambie mwanangu yuko Mererani, chini ya ardhi, mwaka wa tatu,
anatafuta jiwe la buluu,
na mimi hapa nafua mikuki isiyomchoma mtu."

Ndeanka akawageukia wageni, akatabasamu:
"Anasema karibuni sana."

Nikamtazama. Akanitazama.
Kuna ukalimani, na kuna stara.

Lakini Refugio alikuwa ameuona mkono ukielekea kwenye gunia.
Akakunja mikono ya shati: makovu ya moto,
madogo, meupe, kama mchele uliomwagika.
Akaokota kipande cha mkaa, akakipima kiganjani,
akapiga mluzi mrefu, ule wa mtu
aliyetajiwa mchango wa harusi.
Ndesario akacheka. Ndipo akanyanyua kichwa,
akampisha kwenye fuawe.

Nyuma yao, kanga ikafunuliwa.
Yakatoka majembe mawili yaliyovunjika shingo,
mundu butu, noti zilizofungwa kwa uzi wa katani,
na maneno aliyoyakariri njia nzima:
Namkunda anasema kisu cha kukwangulia udongo
kiwe chembamba kuliko kile cha Pasaka.

Alasiri tulikuwa kwa Namkunda, ng'ambo ya bonde la pili,
Mpare aliyeolewa huku akaja na ufinyanzi wake.
Chungu kilitulia, yeye ndiye aliyekizunguka,
ameinama, kama anayemvisha shati mtoto mkaidi.
Wageni wakapiga picha vidole vyake.
Mimi nilikitazama kikapu.
Kisu kikashuka, chembamba kama jani la mchaichai.
Mtungi mdogo ukapanda, wa maji ya kuzimia chuma cha Ndesario,
umefungwa kwa majani makavu ya mgomba,
umepakatwa.

Tulirudi mjini umeme umekatika.
Wajerumani wakaenda kutafuta kuku.
Nikamuuliza: "Ungekwenda huko hata bila sisi?"
"Kwa pesa ya nani?
Zamani nilikwenda mara moja kwa mwezi, majembe yakalala miezi.
Sasa nakwenda kila Alhamisi.
Ninyi mnadhani nawaongoza. Ninyi ni nauli."

Sikukasirika. Nilikumbuka panga la marehemu baba
nyuma ya mlango wa jikoni kwetu,
mpini umelegea tangu msiba,
kila mtu analipita kama halipo.

"Alhamisi ijayo unaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili. Wewe, bei ya mwenyeji," akasema,
akikunja kanga juu ya mtungi.
"Panga halilipi."