Eda ya Zege

Kule Pongwe, nyuma ya tanuri, chumba changu kina mabafu matatu
asiyeoga mtu.
Humo imelala michemraba ya zege,
kila mmoja na tarehe yake mgongoni kwa rangi nyekundu.
Wageni huuliza: mbona mnailoweka? Si ikauke?
Huwajibu kama mtu anayeitikia salamu:
zege halikauki. Zege hunywa.
Saruji na maji hushikana gizani,
huota nyuzi mfano wa ukungu wa mkate, nyuzi zikaingiana,
na siku ya ishirini na nane
nautoa mmoja, naupangusa, naupeleka mashineni.

Mwaka huu na mimi nimo majini.
Talaka yangu iliandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu,
mwandiko wa Hoza, mashahidi wawili.
Shangazi Mwantumu akanihesabia miezi kwa vidole:
kazini nenda, ila kurudi usipindepinde.

Usiku, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
navunja chumvi ya mawe kwa mgongo wa kisu.
Tazama inavyokatika: bapa, kona, bapa, kona.
Haibonyei. Haiombi radhi.
Ndani yake yumo aliyetoa na aliyepokea:
sodiamu katoa elektroni yake moja, klorini kaikunja kibindoni,
na kwa utoaji ule wakavutana, chanya kwa hasi,
wakajipanga kama vyumba vya dama, cheupe, cheusi, cheupe.
Pangilio zuri. Lakini gonga,
safu moja isogee nafasi moja tu,
chanya ajikute uso kwa uso na chanya,
basi waliovutana wanasukumana.
Hapo hapana kupinda. Ni pa! na vipande viwili.

Nikaweka kisu chini.
Mimi nilitoa, yeye alipokea. Miaka tisa.
Kisha nikajicheka. Chumvi ina kosa gani?

Jana wakaleta nondo za mkandarasi wa Muheza,
milimita kumi na mbili.
Semng'indo, kijana wetu wa zamu, akaibana moja kwenye taya,
mashine ikaanza kuvuta.
Sindano ikapanda, ikapanda, ikasitasita.
Hapo ndipo chuma kinapokubali.
Hakivunjiki. Kinarefuka, kinatoa shingo,
kinapata joto, ukikigusa utashangaa.
"Kinalalamika," akasema Semng'indo.
Ndiyo, hulalamika kabla ya kufa,
maana kule ndani hakuna changu wala chako:
kila atomi imetumbukiza elektroni zake kwenye upatu,
na upatu unazunguka bila kijumbe, bila zamu.
Safu ikiteleza, inateleza juu ya mali ya wote,
inatua kwa majirani wapya, na bado ni ujirani.

Ndiyo sababu tunailaza nondo ndani ya zege.
Ulikandamize zege, litabeba ghorofa na kunyamaza.
Ulivute, halina taarifa; lina damu ya chumvi.
Nondo huwekwa ili nyumba ijue kupinda,
ukuta upige ufa, mlango ukwame,
mwenye nyumba aseme, kuna nini hapa?
atoke na wanawe.

Kwetu haukukwama mlango hata mmoja.
Vyombo vilioshwa. Kodi ililipwa.
Ijumaa alivaa kanzu niliyoipiga pasi.
Jumamosi, karatasi.

Leo nimeutoa mchemraba wa Jumamosi ile.
Niliumimina mwenyewe asubuhi, sijui lolote.
Nimeuweka kati ya sahani za chuma, nikashusha wavu.
Thelathini na mbili. Thelathini na tano. Thelathini na nane.
Semng'indo kaziba masikio.
Arobaini na moja ndipo ulipopasuka,
zikabaki piramidi mbili zimegusana vichwa.
Nimeandika: 41. Umepita.

Anauliza kama tuzoe tukatupe.
Nimeokota kipande; katikati kina unyevu bado.
Ishirini na nane ni hesabu ya kitabu. Lenyewe zege
huendelea kunywa, mwaka hata mwaka, hakuna anayelisimamia.
Ngoja kwanza, nimemwambia.