Makufuli

Mwalimu Kokusima alizitandaza sakafuni
kazi zangu arobaini na tatu, kwenye maabara ya kemia,
maana chumba cha sanaa kimegeuzwa stoo ya madawati mabovu.
Akavua viatu, akapita katikati yake kama anayevuka matope.
"Mlima huu umeuona wapi?"
Kwenye kalenda, mwalimu.
"Basi irudishie kalenda mlima wake."
Simba akaondoka. Kapu la matunda likaondoka,
na zabibu zake ambazo Buguruni hatujapata kuzionja.
Zikabaki tatu, na moja ni ile niliyochora nikisubiri maji:
kufuli la Bwana Ngonyani, nyuma ya bili ya umeme.
"Hapa," akasema. "Hapa ulikuwepo."

Nilipoitaja mada yangu darasa zima lilicheka;
mjini neno hilo lina maana yake nyingine.
Nikaacha wacheke.

Nyumba yetu ina vyumba kumi na viwili, korido moja,
choo kimoja cha kugombea alfajiri.
La Mama Zubeda ni la shaba, zito, la urithi,
linalinda godoro na redio isiyosema.
Nasibu wa bodaboda ana mawili; la juu ufunguo ulipotea
tangu mfungo wa mwaka juzi, linaning'inia tu, kama hirizi.
La Sikujua, msusi, limepakwa rangi ya kucha.
Ndiye anayenipulizia dawa ya nywele picha ikiisha,
mkaa usichafuke.
Jalada langu lote linanukia saluni.

Mkaa wenyewe nauokota jikoni, ule mwembamba wa vijiti,
nauchonga kwa wembe.
Sikujua kama weusi ni wengi hivi:
weusi wa tundu la ufunguo,
weusi wa chuma kilicholainishwa na viganja,
na ule wa kutu, ambao ukiukazia macho
unageuka wekundu.

Chumba namba saba alihama usiku.
Kodi ya miezi minne, kufuli limefungwa vilevile.
Mwenye nyumba akaja na nyundo, na mjumbe wa kushuhudia.
Ndani walikuta kandambili moja
na ndoo imejaa maji safi.
Nililiokota limevunjika taya, nikalichora palepale barazani,
mvua ikidondokea karatasi. Sikufuta.
Mwalimu aliishika hiyo kwa muda mrefu.
"Umeisaini?"
Bado.
"Saini nyuma. Mbele pameshajaa."

Wanataka na maelezo, maneno hamsini:
unatafuta nini katika kazi hizi?
Niliandika usalama, nikafuta.
Niliandika umaskini, nikafuta kwa hasira.
Mwisho nimeandika nani analala wapi.

Jalada nimelikata kwenye katoni ya friji kutoka Kariakoo,
nikalishona kwa kamba za viatu.
Zimo kumi na moja. Kukabidhi ni keshokutwa.

Mlango wetu hauna kufuli.
Una msumari wa nchi nne, umekunjwa,
mama anauzungusha kwa kidole gumba akitoka,
anaurudisha akiingia,
na kwenye mbao ya fremu umejichorea nusu duara,
miaka tisa, mstari uleule.
Nimeketi mbele yake tangu saa kumi.
Mkaa unaniishia vidoleni.
Sijui niongeze nini.