Mtoki

Mama hakuuliza. Aliniona tu
nakaa upande mmoja jamvini,
akasema, mikono ikiendelea kuchambua:
"Una mtoki. Kautazame mguu."

Na kweli. Kisigino cha kulia,
mwiba wa mdimu, umevunjikia ndani
tangu Jumanne, nilipompelekea Shaame chai
mikarafuuni kule Mtambwe.
Mimi nimeshausahau.
Mwili haujausahau.

Miaka mitatu chuo cha afya
nilikariri majina ya seli usiku wa mtihani,
asubuhi yakaniaga.
Leo, vikonyo mapajani, taa ya chaji inafifia,
ndipo naelewa.

Mwiba haukuingia peke yake.
Vijidudu vyake vikamkuta mmoja humo ndani,
ana vitawi kama mwani, hana cheo,
kazi yake kupapasa.
Akakimeza kimoja kizima,
akakichambua tumboni kama tufanyavyo sisi:
konyo huku, karafuu huku.
Akabakisha kipande, kidogo hata jina hakina,
akakiweka kiganjani, nje, pa kuonekana,
akaondoka.

Kifundo. Goti. Paja.
Safari nzima kiganja wazi.
Hakupiga kelele kwamba kaona adui,
nani angemwamini?
Alikuja na kipande.

Kinenani kuna baraza.
Wanapita kwa maelfu, kila mmoja
kazaliwa na umbo moja tu la kulitambua,
na wengi watakufa hawajakutana nalo.
Huyu anagusa, anapita.
Huyu anapita.
Huyu pia.
Yule,
kasimama.

Na bado hakukubali. Alitaka alama ya pili,
kama karani wa kituo cha karafuu
asiyenunua gunia kwa harufu,
mpaka azamishe mkono hadi chini.
Maana hata vipande vyetu wenyewe
huoneshwa pale, kila siku,
na vyetu lazima viachwe vipite.

Alipoipata, akawa wawili, wanne,
akawa uvimbe huu ninaoogopa kuugusa.

Nilimweleza Mama yote. Alisikiliza
mpaka ungo ukabaki mtupu.
"Na yule wa mwanzo," akasema, "aliyebeba.
Alirudi?"

Nikatafuta kichwani, ukurasa kwa ukurasa.
"Hapana. Mara nyingi hufia hukohuko."

Akanyamaza.
Akawasha kiberiti, akaipitisha sindano motoni.
"Lete mguu."