Kwenye Mizani ya Unga

Asubuhi ndege aliligonga dirisha
akaangukia ndoo ya chambo niliyoiacha kibarazani.
Nikamtoa, na konokono mmoja wa mwambani kaniganda kidoleni.
Nikawapima wote wawili kwenye mizani ya unga:
ndege, gramu kumi na mbili, pamoja na maji ya manyoyani.
Konokono, ishirini na moja, gamba na yote.

Hapa Skálavík ndege huyu tunamwita ndugu wa panya.
Mkia juu, kama kidole cha mtoto anayejua jibu,
na sauti, sijui huiweka wapi,
huzima mshindo wa bahari kutoka bandani hadi kanisani.
Hujenga viota vinne, vitano, amwite jike aje akague.
Mwaka juzi alijenga kimoja ndani ya buti la marehemu mama.

Konokono haiti mtu.
Husemwa ulimi hauna mfupa.
Wake una meno, safu kwa safu, na ndani ya meno mna chuma,
wala si wa maneno. Ni wa kukwangua jiwe.
Maji yakijaa hutoka, hula, hurudi
palepale, kwenye duara alilolichimba kwa ukingo wa gamba.
Wataalamu huliita kovu.
Nyumba yake ni kovu. Halimwenei mwingine.

Kaka yangu Heðin alikuja na meli kutoka Denmark,
na karatasi za kuuzia nyumba.
Alianza kuongea jana kwenye supu,
leo kwenye kahawa alikuwa bado hajamaliza.
Anaongea vizuri, hata majirani walikuja kumsikiliza.
Mimi nilisugua sufuria.
"Sunnvør, nawe sema basi."
Nikamwonyesha mizani.

Ndege akafumbua jicho moja, akanya juu ya namba,
akaruka: kabati, taa, mlango, kwisha.
Heðin alicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, sikatai.

Jioni, maji yalipokupwa,
nilishuka na konokono mfukoni kutafuta kovu lake.
Mwamba una makovu mia.
La kwanza lilimkataa.
La pili likabaki na upenyo wa ukucha.
La tatu, la nne.
Huko juu, kwenye ukuta wa mawe, mtu alikuwa ananiita,
Heðin, au yule ndugu wa panya,
na vidole vyangu vimekufa ganzi,
na maji yanarudi.