Hatua ya Saba

Lifti ya jengo letu, hapa Kutaisi, inakula sarafu.
Tetri ishirini mdomoni mwake ndipo inyanyuke.
Kushuka haidai kitu.
Miaka thelathini nimeishi ghorofa ya nane
na sikuwahi kuiita hiyo biashara
mpaka nami nilipoanza kuuza vitu vinavyojiendea.

Niuzacho hakina uzito. Hakiozi.
Hakijazi kabati, hakisimami forodhani.
Ni mtiririko: barua pepe ikiingia na ankara ndani yake,
inafunguliwa, inasomwa, tarakimu zinachambuliwa
kama mchele wenye changarawe,
zinaketi kwenye jedwali, kila moja chumbani kwake.
Siku ya kumi na nne mdaiwa anakumbushwa kwa upole.
Siku ya thelathini, kwa upole uliopungua.
Hatua kumi na moja. Euro ishirini na tisa.
Wiki sita nililala vibaya nikiutunga.

Badri, mume wangu, anauza gia kuukuu za magari.
"Umeuza nini leo?"
"Kile kile cha jana."
"Na bado unacho?"
"Bado ninacho."
Anafuta grisi vidoleni, anaomba chumvi.

Amenunua daktari wa meno wa Braga,
amenunua mtengeneza mishumaa wa Hobart,
na ndugu wawili wakodishao mahema Ljubljana.
Nikilala wananunua. Nikimenya vitunguu wananunua.
Lakini chenye kujiendea
hujiendea mpaka kijikwae,
na kikianguka hakijui kujiinua.
Hapo ndipo penye riziki yangu:
kukufungia mtambo, euro sitini;
nusu saa ya kuelekezwa, arobaini;
na ukibadilisha nenosiri usiniambie,
tutaelewana.

Februari akapiga mwanamke nisiyemjua,
Ragnhild, muuza vifungo, Trondheim.
Mtambo wake umewakumbusha wateja mia mbili
deni la sifuri.
Nikamtafuta kwenye orodha. Hayumo.
"Ulinunua wapi?"
"Kwa bwana mmoja. Euro tano."
"Na nambari yangu?"
"Imo hatua ya saba."

Nilikaa sakafuni nikacheka.
Usiku mmoja wa wiki ile ya nne, macho yakiwasha,
niliandika pembeni ya hatua ya saba, kwa ajili yangu tu:
Hapa patavunjika. Pakivunjika, mpigie Lamzira.
Na nambari, kana kwamba ningeisahau.
Mwizi alibeba nyumba nzima
pamoja na kengele ya mlangoni.
Hakusoma. Nani husoma alichoiba?

Badri akataka tushtaki. Tumshtaki nani?
Duka lake lina picha ya tai, halina mtu.
Nikamtengenezea Ragnhild.
Kisha akaja mwenye hoteli ya mbwa wa Ghent,
kisha fundi wa vinanda, kisha watatu kwa siku moja,
wote wa euro tano, wote wamekwama pale pale.
Za mwizi ni arobaini, wasema.
Kweli: arobaini kila nusu saa.

Wateja wangu halisi niliwatumia dawa mwezi Machi, bure.
Ni mstari mmoja.
Ningeweza kuubandika hadharani, kila mtu auone.
Bado nafikiri.

Jana lifti ilikwama kati ya ya tano na ya sita,
nikiwa na mifuko miwili na jibini inayovuja.
Juu ya vitufe, kwa kalamu ya wino mzito,
mtu ameandika: Otari, fundi. Na nambari.
Nikapiga. Alifika upesi mno,
bisibisi mkononi, mkate mdomoni,
kama aliyekuwa akingoja chini ya ngazi.
Lari tano.
Nikamlipa. Sikumuuliza
nani aliyeikwamisha.