Kutua

Barua ya mahakama ilifika Jumanne,
samaki wa chumvi akiwa bado amelowekwa.
Delfina aliifungua kwa kisu kile kile.
Mistari minne: baba yako hakuiba.
Magunia sita ya kahawa, gati la tatu, Genova,
yalihesabiwa vibaya na karani mwenye usingizi.
Miaka ishirini na miwili.

Yeye hufundisha Kilatini watoto wasiokitaka.
Kila mwaka hulipasua neno hili ubaoni kama njugu:
*ex*, kutoka; *onus*, mzigo.
Kabla halijavaa joho la hakimu
lilikuwa neno la bandarini, lenye jasho kwapani:
kupakua meli, kumshusha punda shehena.
Hata mto, kwa Kilatini,
hutua maji yake baharini.
Hatia ilikuja baadaye, ikadandia.

Na Ottavio Canepa, baba yake, alikuwa *camallo*,
mchukuzi wa gatini: neno la Kiarabu
lililoshuka melini likakataa kurudi,
ndugu wa hamali wetu,
tumbo moja, bandari mbili.

Kilo sitini alizibeba bila kuguna.
Gunia lisilo na kahawa ndilo lililomvunja.
Alikwenda nalo kanisani, alikwenda nalo kwa kinyozi,
usiku likamsukuma ukingoni mwa kitanda.
Majirani waliliona jepesi, wakaendelea na supu yao.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa karatasi inasema: tua.
Atue nani?
Mabega yamekwisha kuwa udongo
kule juu kilimani, safu ya bei nafuu.

Delfina anapanda, barua mfukoni.
Anamsomea mara mbili,
ya pili kwa lahaja ya gatini,
maana Kiitaliano cha mahakama
baba hakukielewa, hata siku ile walipomhukumu.
Kisha hajui aifanyie nini.
Akiiacha, mvua itaila.
Anaikunja tena.

Kwenye ngazi za kushuka, katika kioo cha duka la maua,
anamwona mwanamke aliyeinama upande wa kushoto,
kama abebaye kitu.
Anasimama.
Anajaribu kunyooka.
Inauma kidogo,
kama kiatu kipya.