Ukanda Mwekundu

Baba alirudi na gari tupu siku ile ya Agosti,
akasema: Mgela amepotea. Soko la Telavi. Kufumba na kufumbua.
Akanawa mikono. Akanawa tena.

Tukaandika matangazo, mimi na Badri:
mbwa mkubwa, rangi ya majivu, masikio yamekatwa
(yalikatwa angali mchanga, mbwa mwitu asipate pa kushika),
tukayabandika kwenye nguzo za umeme kutoka Alvani hadi stesheni,
na Baba ndiye aliyetushikia ndoo ya gundi.

Kati ya siku ile na theluji ya kwanza
ninavyo vipande tu, nimeviokota kwa watu baadaye.

Mwanamke wa Surami auzaye mikate ya mdalasini kando ya barabara kuu
alimwona akishuka mlima mvua ikimpiga.
Akamtupia mkate ulioungua. Hakuula mbele yake.
Aliubeba.

Dereva wa lori la kokoto alimpigia honi ndani ya handaki la Rikoti;
aliona macho mawili, kisha ukuta.

Huko Gori mlinzi wa kiwanda cha juisi alimfungia siku tisa,
akamlisha vizuri, akampa jina jingine.
Siku ya kumi alikuta tundu chini ya seng'enge,
na manyoya yamenasa kwenye miiba yake.

Mengine sijui.
Mto Mtkvari aliuvukia wapi?
Na Tbilisi, na mbwa wake wa mitaani
wenye vitambulisho vya plastiki masikioni kama makarani wa serikali,
nani kati yao alimwonyesha kichochoro cha kutokea?
Nimejaribu kuifuata safari yake kwa kidole, kwenye ramani ya darasani.
Kidole kilichoka kabla ya Gombori.

Desemba, jioni, Mama anakanda unga.
Hakubweka. Aliegemea lango kwa uzito wake wote
kama mtu aliyefikisha mzigo
na hana nguvu ya kuutua.

Mbavu za kuhesabika. Badri alimkumbatia, akalia hadi kwikwi.
Mimi nikapitisha mkono shingoni,
chini ya manyoya yaliyosokotana na matope,
nikagusa kitu ambacho hatukumvisha sisi:
ukanda wa ngozi, mwekundu, wa dukani,
na kibati chenye namba ya simu
na jina la nyumba ya wageni, Batumi, ufukweni.

Batumi. Upande wa pili wa nchi.

Nikaisoma kwa sauti. Sikukusudia ubaya, nilikuwa na miaka tisa
na nilijivunia kusoma namba ndefu bila kukwama.
Mama akaacha kukanda.
Mikononi unga, machoni hesabu:
kondoo arobaini waliokufa kwa ndui Aprili,
barua ya benki iliyonyamaza ghafla,
viatu vyangu vya baridi, vipya, vyenye manyoya ndani.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Ya Baba ilichukua miezi minne,
na aliyeitembea kwa miguu ni mwingine.

Hakuna aliyepaza sauti. Baba aliketi kizingitini,
akapiga mluzi mdogo, ule wa malishoni,
nami nikaomba moyoni Mgela asiende.

Akaenda.
Akalaza kichwa kwenye goti lilelile.

Usiku kucha Baba alimtoa miiba nyayoni kwa kibano cha Mama,
akiihesabu kwa sauti ya chini,
akifika thelathini na kitu anapotea, anaanza moja.
Alfajiri akapiga ile namba. Nilimsikia nyuma ya mlango:
Nitakurudishia. Kidogo kidogo. Ndiyo. Naelewa.
Hapana. Hauzwi.

Viatu nilivivua nikaviweka kando ya bakuli la Mgela,
sijui kwa nini, labda vilikuwa vyake.
Akavinusa kimoja kimoja,
akalala juu yake,
na siku hiyo nilichelewa shule.